Kuchagua Leza kwa Jaribio la Maabara: Nyekundu, Kijani au Urujuani?

Baada ya kusoma sehemu hii uweze:
- kueleza uhusiano kati ya rangi ya leza, urefu wa wimbi, masafa na nishati;
- kuchagua leza ya bei nafuu inayofaa jaribio ulilopewa na kutoa sababu;
- kukokotoa unene wa unywele na urefu wa wimbi la leza kwa kutumia vifaa rahisi;
- kutaja tahadhari za kulinda macho.

Utangulizi

Swali la kuchagua kifaa huwasumbua watahiniwa wengi kuliko swali la hesabu. Mtahiniwa anajua kanuni zote za mawimbi, lakini akiulizwa "Shule ina fedha za kununua leza moja tu. Ungeshauri ipi, na kwa nini?" anajibu "ya kijani kwa sababu inang'aa sana." Jibu hilo halijaonyesha fizikia yoyote. Msahihishaji anataka aone kwamba umeliangalia jaribio lenyewe: linapima nini, kwa kifaa gani, na kosa la kipimo litakuwa kubwa kiasi gani.

Shika neno hili moja na mengine yote yatafuata: swali la jaribio kwanza, rangi baadaye.

1. Mambo ya msingi

Mwanga wa balbu ya kawaida ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali. Mwanga wa leza ni tofauti kwa mambo matatu: una urefu wa wimbi karibu mmoja tu, mawimbi yake yanatembea kwa mpangilio mmoja, na mwale wake hausambai haraka. Sifa hizo ndizo zinazofanya jaribio la mwingiliano wa mawimbi liwe rahisi kwa leza na gumu kwa tochi.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwezi Mei 1960. Kwa miaka mingi maabara za shule na vyuo zilitumia leza za gesi ya heli na neoni zenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8. Zilikuwa ndefu kama mkono na bei yake ilikuwa kubwa. Bei ilishuka pale diodi za leza zilipotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya mashine za kuchezea muziki na filamu. Mashine ya CD hutumia leza ya nm 780, ambayo jicho halioni vizuri. Mashine ya DVD hutumia nm 650, nyekundu. Mashine ya Blu-ray hutumia nm 405, urujuani. Kwa hiyo kalamu nyekundu ya leza unayoiona dukani ni ndugu wa ile iliyo ndani ya deki ya DVD.

Kanuni mbili zinatosha kwa sehemu hii:

c = fλ, ambapo c = 3.0 × 10⁸ m/s

E = hf, ambapo h = 6.63 × 10⁻³⁴ Js

Urefu wa wimbi ukipungua, masafa yanaongezeka, na nishati ya kila fotoni inaongezeka pia. Jedwali lifuatalo linalinganisha leza tatu za bei nafuu. Safu ya mwisho inaonyesha jinsi jicho linavyouona mwanga huo likilinganishwa na nm 555, ambako jicho huona vizuri zaidi mchana (tumeipa 100).

| Rangi | Urefu wa wimbi (nm) | Masafa (× 10¹⁴ Hz) | Nishati ya fotoni (eV) | Jicho linavyoona |
|---|---|---|---|---|
| Nyekundu | 650 | 4.62 | 1.91 | karibu 11 |
| Kijani | 532 | 5.64 | 2.33 | karibu 88 |
| Urujuani | 405 | 7.41 | 3.06 | chini ya 1 |

Angalia safu ya mwisho kwa makini. Leza ya kijani na nyekundu zenye nguvu sawa, tuseme miliwati 1 kila moja, hazionekani sawa. Ya kijani inaonekana kama inang'aa mara nane hivi zaidi. Ya urujuani haionekani vizuri kabisa, ingawa nguvu yake ni ileile. Kwa hiyo mng'ao unaouona si kipimo cha nguvu ya leza. Tutairudia hoja hii kwenye usalama, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

2. Maswali manne ya kujiuliza kabla ya kuchagua

1. *Kipimo changu kinategemea urefu wa wimbi?* Kama ndiyo, rangi ni muhimu. Kama siyo, chukua iliyo rahisi na salama.
2. *Ninapima kwa kifaa gani?* Rula inasoma milimita. Kipimapembe kinasoma nusu digrii hivi. Kama tofauti ya rangi ni ndogo kuliko kifaa kinavyoweza kusoma, rangi haina maana.
3. *Nitauona mwanga?* Chumba kina giza kiasi gani, na ukuta uko mbali kiasi gani?
4. *Ni salama kwa darasa zima?* Siyo kwako tu unayeishika, bali pia kwa aliyekaa upande wa pili wa meza.

Sasa tuyatumie maswali haya kwenye majaribio yanayofanyika mara nyingi.

3. Jaribio la kwanza: unene wa unywele

Mawimbi yanapopita kando ya kizuizi chembamba au kwenye upenyo mwembamba hupinda na kusambaa. Tabia hii huitwa difraksheni. Ukiweka unywele mmoja mbele ya mwale wa leza, ukutani utaona mstari wa mabaka ya mwanga yaliyotenganishwa na sehemu za giza. Umbali kati ya sehemu moja ya giza na inayofuata ni:

y = λL / a

L ni umbali kutoka kwenye unywele hadi ukutani, na a ni unene wa unywele. Kumbuka kwamba baka la katikati ni pana mara mbili ya mengine. Ndiyo maana ni vizuri kupima kutoka giza la tatu upande wa kushoto hadi giza la tatu upande wa kulia. Umbali huo, tuuite S, ni sawa na 6y.

*Mfano.* Unywele umebandikwa kwa selotepu kwenye fremu ya karatasi ngumu, L = 2.00 m, leza ni ya nm 650, na S = 98 mm. Tafuta a.

a = 6λL / S
a = (6 × 650 × 10⁻⁹ × 2.00) / 0.098
a = 8.0 × 10⁻⁵ m, yaani mikromita 80.

Umepima kitu chembamba kuliko milimita moja kwa rula ya kawaida. Sasa tulinganishe rangi. Kwa unywele huohuo na umbali uleule, tukichukulia kwamba umekosea milimita 2 katika kusoma S:

- nyekundu: S ni karibu mm 98, kosa ni karibu asilimia 2;
- kijani: S ni karibu mm 80, kosa ni asilimia 2.5;
- urujuani: S ni karibu mm 61, kosa ni asilimia 3.3.

Urefu wa wimbi ukiwa mkubwa, mabaka yanaachana zaidi na kosa linapungua. Kwa jaribio hili nyekundu inashinda, na ndiyo kwa kawaida ya bei ndogo kuliko zote. Udhaifu wake ni kwamba haionekani vizuri mchana, lakini dawa yake ni kufunga madirisha au kufanya jaribio jioni.

Kuna jambo jingine ambalo watahiniwa wachache hulitaja, nalo lina alama. Ukihama kutoka urujuani kwenda nyekundu, nafasi kati ya mabaka inaongezeka mara 1.6 tu. Lakini ukiusogeza ukuta kutoka mita 2 hadi mita 4, nafasi inaongezeka mara 2, bila gharama yoyote. Kabla hujashauri shule inunue leza nyingine, angalia kama chumba kina urefu wa kutosha.

4. Jaribio la pili: kupima urefu wa wimbi kwa CD

Usiamini kibandiko cha kwenye kalamu. Leza nyekundu za bei nafuu mara nyingi huandikwa nm 650 ± 10, na nyingine hutoa upana mkubwa zaidi, kwa mfano 630–680. Unaweza kuhakikisha mwenyewe.

CD ina njia ndogo zilizozungushwa kwa nafasi ya mikromita 1.6 kati ya moja na nyingine. Njia hizo hufanya kazi kama mistari iliyopangwa karibu karibu, na mwanga unaoakisiwa kutoka kwenye CD huenda kwenye pande maalumu tu, kwa kanuni:

d sin θ = nλ

*Vifaa:* kalamu ya leza, CD ya zamani, karatasi ngumu nyeupe yenye tundu dogo katikati, stendi mbili, rula.

*Hatua:* Simamisha karatasi na CD zikitazamana, zikiwa na umbali D wa sentimita 30. Pitisha mwale kwenye tundu ugonge CD katikati ya eneo linalong'aa, ukiwa wima kwa uso wa CD. Mwale wa katikati utarudi kwenye tundu. Pande zake mbili utaona nukta mbili kwenye karatasi. Pima umbali x kutoka tundu hadi kila nukta, kisha chukua wastani.

*Mfano.* x = 13.4 cm, D = 30.0 cm.

sin θ = x / √(x² + D²) = 13.4 / 32.9 = 0.408
λ = 1.6 × 10⁻⁶ × 0.408 = 6.53 × 10⁻⁷ m, yaani nm 653.

Kwa leza ya kijani ungepata x ya karibu cm 10.6, na kwa urujuani karibu cm 7.8. Nyekundu inaenda mbali zaidi tena, kwa sababu ileile.

Hapa kuna mtego wa leza ya urujuani. Karatasi nyeupe nyingi zina kemikali za kuzifanya zionekane nyeupe zaidi. Kemikali hizo hufyonza mwanga wa nm 405 na kutoa mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi mkubwa zaidi. Mwanafunzi anaona nukta ya buluu inayong'aa na kuandika kwamba leza ni ya buluu. Nafasi ya nukta inapangwa na nm 405, lakini rangi anayoiona imetoka kwenye karatasi.

Leza ya kijani nayo ina sifa yake nzuri, na jibu la haki litaitaja. Nyingi za nm 532 hupata mwanga wao kwa fuwele inayobadili mwanga wa nm 1064 kuwa nusu ya urefu huo. Kwa hiyo urefu wake wa wimbi haubadiliki sana kutoka kalamu moja hadi nyingine. Kama jaribio linahitaji λ inayojulikana kwa uhakika na huna namna ya kuipima, kijani ina nafasi yake.

5. Majaribio ambayo rangi haisaidii

*Kupinda kwa mwanga ndani ya kioo.* Kipeo cha kioo cha kawaida cha maabara hubadilika kidogo kwa rangi: karibu 1.514 kwa nyekundu na 1.530 kwa urujuani. Mwale ukiingia kwa pembe ya 60°, pembe ya ndani ni 34.9° kwa nyekundu na 34.5° kwa urujuani. Tofauti ni 0.4°, na kipimapembe chako hakiwezi kuisoma kwa uhakika. Tumia leza yoyote iliyo salama.

*Kutoa elektroni kwenye bamba la zinki.* Zinki inahitaji nishati ya karibu eV 4.3 kwa kila fotoni. Rudi kwenye jedwali: urujuani ina 3.06 tu. Hakuna hata moja kati ya leza hizi tatu itakayotoa elektroni kwenye zinki, hata ukiongeza nguvu mara mia, kwa sababu kuongeza nguvu kunaongeza idadi ya fotoni, siyo nishati ya kila fotoni. Jaribio hilo linahitaji mwanga wa urujuanimno. Kununua leza kali kwa ajili yake ni kupoteza fedha na kuhatarisha macho.

6. Usalama: bei nafuu isikugharimu jicho

Lenzi ya jicho hukusanya mwale wa leza kwenye nukta ndogo sana ya retina. Sehemu ya retina iliyoungua haioti upya. Ndiyo maana leza zinapangwa kwa madaraja. Leza inayoonekana ya daraja la 2 haizidi miliwati 1, na ulinzi wake ni kwamba mtu hufumba jicho kwa robo sekunde hivi. Daraja la 3R hufika miliwati 5. Daraja la 3B hufika miliwati 500, na halina nafasi kwenye meza ya mwanafunzi.

Tatizo ni kwamba kibandiko kinaweza kudanganya. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima kalamu 122 za leza. Karibu asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 ya nyekundu hazikufuata kanuni za usalama. Sababu mojawapo ni ileile ya fuwele: ndani ya kalamu ya kijani kuna mwanga wa infraredi wa nm 808 na nm 1064, na mtengenezaji akiacha kuweka kichujio ili kupunguza gharama, mwanga huo unatoka pamoja na wa kijani. Jicho halioni infraredi, kwa hiyo halifumbi. Diodi nyekundu ya nm 650 hutoa mwanga wake moja kwa moja na haina tatizo hilo. Diodi za kijani za nm 520 pia hazina, lakini lazima uhakikishe ni hizo.

Urujuani nayo ina hatari yake: kwa kuwa inaonekana hafifu, mtumiaji hudhani ni dhaifu.

Tahadhari za kufuata:
- tumia leza ya daraja la 2, yaani isiyozidi miliwati 1;
- funga leza kwenye stendi, usiishike mkononi;
- mwale uwe chini au juu ya usawa wa macho ya waliokaa;
- ondoa saa, pete na vitu vingine vinavyoakisi; kumbuka CD yenyewe inaakisi;
- maliza mwale kwenye ukuta au karatasi isiyong'aa;
- usitazame ndani ya leza hata kama unadhani imezimwa.

7. Namna ya kuandika jibu

Panga jibu lako kwa hatua nne: chaguo, sababu ya fizikia, udhaifu na namna ya kuuondoa, usalama.

*Swali:* Shule ina fedha za leza moja kwa ajili ya kupima unene wa nyuzi. Shauri na utoe sababu. (Alama 6)

*Jibu la mfano:* Ninashauri leza nyekundu ya nm 650 isiyozidi miliwati 1. Kwa kuwa y = λL/a, urefu mkubwa wa wimbi unaachanisha mabaka zaidi, na kosa la kusoma rula linakuwa dogo kwa asilimia. Jicho huona nyekundu hafifu kuliko kijani, hivyo chumba kitiwe giza. Nafasi ikiwa bado ndogo, L iongezwe badala ya kubadili rangi. Urefu halisi wa wimbi upimwe kwanza kwa CD. Nyekundu haina mwanga wa infraredi uliofichika kama baadhi ya kalamu za kijani, kwa hiyo ni salama zaidi kwa darasa.

Makosa yanayojirudia
- Kuandika "inang'aa zaidi" kwa maana ya "ina nguvu zaidi".
- Kusahau kubadili nanomita kuwa mita kabla ya kukokotoa.
- Kupima baka la katikati na kulichukua kama y moja. Ni 2y.
- Kuchagua rangi bila kutaja kifaa cha kupimia.

Jipime

1. Kokotoa masafa ya leza ya nm 532.
2. Njia za DVD zimeachana kwa mikromita 0.74. Tafuta pembe ya nukta ya kwanza kwa leza ya nm 650. Je, nukta ya pili itaonekana?
3. Unywele uliwekwa mita 3.0 kutoka ukutani. Kwa leza ya nm 650, S = 156 mm. Tafuta unene wake.
4. Mwanafunzi anasema leza nyekundu ya miliwati 100 itatoa elektroni kwenye zinki kwa sababu ni kali. Mkosoe.
5. Kwa nini leza ya kijani isiyo na kichujio ni hatari hata kama mwanga wake wa kijani ni hafifu?

Majibu

1. f = 3.0 × 10⁸ / 532 × 10⁻⁹ = 5.64 × 10¹⁴ Hz.
2. sin θ = 650/740 = 0.878, θ = 61.4°. Kwa n = 2, sin θ ingekuwa 1.76, jambo lisilowezekana. Haitaonekana.
3. a = (6 × 650 × 10⁻⁹ × 3.0) / 0.156 = 7.5 × 10⁻⁵ m, yaani mikromita 75.
4. Fotoni moja ya nyekundu ina eV 1.91, pungufu ya eV 4.3. Kuongeza nguvu kunaongeza idadi ya fotoni tu, na pia leza hiyo ni ya daraja la 3B, hatari kwa macho.
5. Inaweza kutoa infraredi nyingi. Jicho haliioni, halifumbi, na retina inaungua.